Misa ya Kiingereza ilibadilika, ya Kiswahili haikutikisika

MUUMINI wa Kikatoliki mjini Machakos anayehudhuria Misa ya Kiingereza Jumapili moja na ya Kiswahili Jumapili inayofuata alikumbana na jambo la ajabu wakati tafsiri mpya ya Misale ya Kiroma ilipoanza kutumika. Kwa Kiingereza, majibu aliyoyakariri tangu utotoni yalikuwa yamebadilishwa, na ulimi ukawa unateleza kuelekea maneno ya zamani. Kwa Kiswahili mambo yalibaki vilevile. Na lau angeyatazama kwa makini majibu hayo mapya ya Kiingereza, angegundua kwamba mengi yalikuwa sasa yanasema kile ambacho Kiswahili kilikuwa kimekisema miaka yote.

Mfano ulio wazi zaidi ni jibu la salamu ya padri. Padri anapowatakia waumini kwamba Bwana awe nao, Kilatini hujibu kwa kutaja roho ya padri. Tafsiri ya Kiingereza iliyotumika tangu 1973 iliiacha roho hiyo na kumtakia padri kwa kifupi kwamba Bwana awe naye pia. Kiswahili hakikuiacha. Mtoto wa Masii au Kangundo aliyefundishwa Misa kwa Kiswahili aliitaja roho hiyo kabla hajajua kusoma. Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano na Kijerumani navyo viliihifadhi, hivyo Kiingereza ndicho kilichokuwa kimejitenga na wenzake. Neno hilo si pambo tu. Yohane Krisostomo, askofu wa karne ya nne, alieleza kwamba roho inayotajwa ni Roho Mtakatifu aliye katika padri kwa ajili ya huduma yake, wala si njia nyingine ya kumwambia mtu "wewe".

Sala ya kuungama nayo ilibadilika. Katika Kiswahili muumini hukiri kosa lake mara tatu, la tatu likiwa na mkazo. Kiingereza cha 1973 kilikiri mara moja na kuendelea mbele. Katika tafsiri mpya mara tatu hizo zimerudi.

Kanuni ya Imani inafuata njia hiyo hiyo, ingawa hapa pana utata. Kilatini husema kwa nafsi ya kwanza umoja, na Kiswahili kikafuata kwa kiambishi kifupi tu: "Nasadiki". Kiingereza cha 1973 kilitumia wingi, na sasa kimerejea umoja. Hata hivyo, waliopinga badiliko hilo hawakuwa wajinga wa historia, kwani maaskofu waliokutana Nikea mwaka wa 325 waliandika kwa Kigiriki, nao walitumia wingi. Tafsiri ikifuata Kilatini kwa uaminifu, si lazima iwe imefuata chanzo cha mwanzo kabisa.

Kabla ya komunyo, sala inayotokana na maneno ya yule jemadari wa Kapernaumu inavigawa vizuri vyeo vya lugha hizi mbili. Kiingereza kipya kimelirejesha paa la nyumba ambalo Bwana hastahili kupita chini yake kwa ajili ya mwenye nyumba duni, na pia kimerejesha roho inayoponywa, ilhali tafsiri ya zamani ilisema tu kwamba "mimi" nitapona. Kiswahili kilikuwa na roho hiyo tangu awali, lakini hakina paa: kinasema "kwangu". Kwa hivyo msomaji asidhani kwamba Kiswahili kilikuwa na ushindi kila mahali.

Kwa nini basi Kiingereza kikapotea njia, ikiwa kweli kilipotea? Yatupasa kurudi kwenye Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso huo ulipitisha hati juu ya liturujia iliyofungua mlango wa lugha za watu katika ibada. Mwaka huohuo maaskofu wa nchi zinazotumia Kiingereza waliunda tume ya pamoja ya kutafsiri. Kisha ukaja mwaka wa 1969, ambao kwa Machakos una uzito wa pekee. Aprili mwaka huo Papa Paulo wa Sita aliidhinisha Misale mpya. Baadaye mwaka huohuo Jimbo la Machakos liliundwa kutoka Jimbo Kuu la Nairobi, na tarehe 1 Agosti Papa huyohuyo, akiwa Kampala, akamweka wakfu Raphael Ndingi Mwana'a Nzeki, mzaliwa wa Mwala, kuwa askofu wake wa kwanza. Jimbo na Misale ni watoto wa rika moja.

Mwaka huohuo Roma ilitoa mwongozo kwa watafsiri uliowaruhusu kutafuta maana badala ya kufuata neno kwa neno, ili sala isikike kama usemi wa kawaida wa watu. Watafsiri wa Kiingereza waliitumia ruhusa hiyo kikamilifu. Matokeo yake, tafsiri ya 1973, yalikuwa mepesi kutamka na rahisi kuelewa. Yalikuwa pia yamepunguza mengi: taswira za Maandiko, maneno ya unyenyekevu, marudio.

Maaskofu wenyewe waliona upungufu huo. Tume yao ilifanya kazi kwa miaka mingi, ikaandaa tafsiri iliyosahihishwa, na kufikia 1998 mabaraza yote 11 ya maaskofu yaliyo wanachama kamili wa tume yalikuwa yameipigia kura na kuipitisha. (Kenya ni mwanachama mshiriki, si mwanachama kamili.) Mwaka wa 2002 Roma ikaikataa. Sababu ni kwamba katikati ya safari kanuni zilikuwa zimebadilishwa. Tarehe 28 Machi 2001, enzi ya Papa Yohane Paulo wa Pili, Idara ya Ibada ilitoa mwongozo mpya uliotaka maandishi ya Kilatini yatafsiriwe kikamilifu na kwa usahihi, bila kuacha kitu wala kuongeza. Kamati ya maaskofu wakuu na makadinali chini ya Kadinali George Pell wa Australia iliundwa kuishauri Roma kuhusu Kiingereza.

Kazi ikaanza upya. Utaratibu wake ni huu: tume huandaa rasimu, kila baraza la maaskofu huichambua na kupendekeza marekebisho, kisha maaskofu hupiga kura ya siri inayohitaji thuluthi mbili. Yakishapita, maandishi hupelekwa Roma. Maaskofu wa Marekani waliipitisha sehemu ya Utaratibu wa Misa Juni 2006, na Oktoba mwaka huo Kadinali Francis Arinze wa Nigeria, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Ibada, aliyaandikia mabaraza ya maaskofu duniani kuhusu neno moja la maneno ya mageuzo. Tafsiri kadhaa, Kiingereza kikiwemo, zilisema damu ya Kristo inamwagwa kwa ajili ya "wote". Kilatini na Injili zinasema "wengi". Kadinali alieleza kwamba Kanisa halina shaka kuwa Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote, ila kazi ya mtafsiri ni kutafsiri, na ya katekista ni kufafanua.

Afrika Kusini iliharakisha ikaanza kutumia majibu mapya mwishoni mwa 2008, kabla ya wengine. Nchi nyingi zinazosali kwa Kiingereza zilianza Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 27 Novemba 2011, na waumini wa Kenya wakahamia maneno mapya katika kipindi hicho. Askofu wa Machakos wakati huo alikuwa Martin Kivuva Musonde, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Mombasa.

Majibu ya waumini yalizoeleka upesi kuliko ilivyohofiwa. Mzigo mzito uliwaangukia mapadri. Sala za mwanzo, zinazobadilika kila Jumapili, sasa zinafuata mjengo wa Kilatini, sentensi moja ikibeba vishazi vitatu au vinne kabla ya kutua. Kwa msikilizaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, baada ya Kikamba na Kiswahili, sala huwa imekwisha kabla hajampata mtendaji. Hapa wakosoaji wana hoja nzito, na kwa maoni yangu haijajibiwa. Uaminifu kwa matini una thamani, lakini sala ya hadhara husikilizwa mara moja tu, haisomwi tena kama mkataba. Neno la kiteolojia "consubstantial", lililoingizwa katika Kanuni ya Imani, haliwasaidii sana wasiokuwa na kamusi. Kiswahili hueleza jambo hilohilo kwa kusema kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba, na hata mzee asiyejua kusoma hulitamka akijua asemalo.

Kwa upande mwingine, yapo yaliyorudi ambayo yasingefaa kukosekana. Sala ya pili ya Ekaristi katika Kilatini humlinganisha Roho Mtakatifu anayeshuka juu ya vipaji na umande. Tafsiri ya 1973 iliufuta umande huo. Umerudi, na mkulima wa Yatta au Masinga hahitaji mahubiri ili aelewe kwa nini mtu aombe kitu kishuke kama umande.

Mzozo wa nani mwenye neno la mwisho haukuishia 2011. Septemba 2017 Papa Fransisko alibadilisha sheria ya Kanisa kwa hati iliyoyapa mabaraza ya maaskofu dhamana kubwa zaidi ya kuandaa na kupitisha tafsiri, huku Roma ikibaki na kazi ya kuzithibitisha badala ya kuzichambua neno kwa neno. Kwa Kiingereza, chenye wataalamu kila bara, tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo. Kwa Kikamba ni kubwa. Ni vigumu kutarajia ofisi ya Vatikano ipime uzito wa neno la Kikamba, na hata ndani ya baraza la maaskofu wa Kenya, askofu wa Lodwar au Malindi hana budi kuwategemea wenzake. Dhamana ya lugha hiyo inawaangukia maaskofu wa Machakos, Kitui na, tangu jimbo jipya lilipomegwa kutoka Machakos mwaka wa 2023, Wote.

Kiingereza nacho kingali kinarekebishwa. Mwaka wa 2020 Idara ya Ibada, ikiongozwa na Kadinali Robert Sarah wa Guinea, ilibaini kwamba neno "mmoja" mbele ya jina la Mungu katika hitimisho la sala za mwanzo halimo katika Kilatini. Nchini Marekani liliondolewa rasmi Jumatano ya Majivu, 17 Februari 2021. Novemba 2024 maaskofu wa nchi hiyo walipitisha sehemu za mwisho za tafsiri mpya ya Liturujia ya Vipindi, kitabu ambacho mapadri na watawa husali kila siku.