Olorgesailie Jumamosi? Lipa Kabla Network Haijapotea

Tulienda Olorgesailie watu saba, gari moja la kukodisha, na mweka hazina mmoja. Kila mtu alikuwa ameshamtumia mchango wake. Tukafika langoni, simu yake ina chaji asilimia 3 na network inakuja ikipotea. Sisi, watu wa malipo kwa simu! Tulicheka, lakini baada ya dakika 40 za jua la barabara ya Magadi.

Usirudie kosa letu. Kiingilio hutozwa na Makumbusho ya Kitaifa, na malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, Paybill 222222. Maliza jambo hilo jioni ukiwa nyumbani, kisha mtumie mwenzako mmoja picha ya risiti ili isikae kwa simu moja tu. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Mtu akikupa namba yake binafsi ati akulipie haraka, achana naye.

Kutoka Nairobi ni kama kilomita 70. Kiserian ndipo mahali pa kujaza mafuta, kununua maji mengi na kutoa keshi kidogo kwa wakala. Ukiteremka Bonde la Ufa, usitegemee kupata wakala kila kona.

Na huko ndani? Shoka za mawe, nyingi ajabu, zimeachwa palepale zilipopatikana. Unaziangalia ukiwa juu ya kidaraja cha mbao. Louis na Mary Leakey walichimba hapa miaka ya 1940. Usiokote jiwe, hata dogo.

Kilichotushika sisi ni mawe meusi yanayong'aa kama kioo. Watafiti waliandika mwaka 2018 kwamba watu walioishi hapa miaka kama 300,000 iliyopita walikuwa wakiyapata kutoka kilomita 25 hadi 50, mengine mbali zaidi. Huenda walibadilishana na majirani. Hakuna PIN, hakuna sms ya kuthibitisha, lakini mzigo ulifika. Tulisimama hapo muda mrefu kuliko kwa mifupa ya tembo wa kale.

Ukitoka, kina mama wakikuuzia shanga, uliza kama wanapokea kwa simu kabla ya kupatana bei. Keshi ya Kiserian itakusaidia network ikikataa.

Mweka hazina wetu tulishambadilisha. Wa sasa anatembea na power bank mbili.