Neema, Imani na Matendo Mema: Jinsi Maneno Haya Yanavyosikika Kisanga

Fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani ndilo fundisho ambalo wanafunzi wetu wa theolojia huliandika vizuri kuliko yote katika mitihani, na ndilo ambalo wengi wetu hulisahau upesi tufikapo usharikani. Makala hii haikusudii kulirudia fundisho hilo kama lilivyo katika vitabu vya darasani. Twataka kulichunguza mahali pake pa kazi, katika mtaa wa kijijini, kwa mfano pale Kisanga, kata ya wilaya ya Kilosa iliyomo katika jimbo la Mikumi. Huko mhubiri hakabiliwi na mabishano ya karne ya 16. Hukabiliwa na swali linaloulizwa kando ya jeneza: je, marehemu huyu ambaye bahasha zake za sadaka hazikurudishwa kwa miaka mitatu aweza kuzikwa kwa ibada ya Kanisa? Mwenye kulijibu swali hilo, apende asipende, ametoa fundisho lake juu ya neema, imani na matendo mema, nalo ndilo wasikilizaji watakalolishika.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa hakuna kijiji ambako mhubiri huyakuta matupu. Neno neema, kwa mkulima, ni mvua iliyonyesha kwa wakati wake na ghala lililojaa. Mwaka wa neema ni mwaka wa mavuno. Maana hiyo si adui wa Injili, maana mvua haileti mtu kwa nguvu zake. Lakini ina upungufu wake: mwaka wa njaa ukija, msikilizaji aweza kudhani kwamba neema imeondoka. Mhubiri asipoeleza kwamba neema katika Paulo ni moyo wa Mungu umwelekeao mkosaji kwa ajili ya Kristo, nao haupandi wala kushuka pamoja na kina cha mto, atakuwa amehubiri habari za hali ya hewa.

Neno haki lina shida kubwa zaidi. Haki katika usemi wa kila siku ni stahili ya mtu, kitu anachoweza kukidai. Tena tunasema kuhesabiwa. Hapa Kilosa neno hesabu lina historia yake. Katika mashamba ya katani ya Kimamba na Rudewa, kama kwingineko Tanganyika wakati wa ukoloni, kibarua alipewa kipande, yaani kadi iliyowekwa alama kila siku aliyomaliza kazi, na mshahara ulitoka zilipotimia siku 30. Siku iliyokosa alama haikuhesabiwa. Watoto na wajukuu wa watu wa kipande wakisikia kwamba mtu amehesabiwa haki, ni rahisi wadhani Mungu naye ana kadi. Warumi 4:4-5 yapaswa kuhubiriwa mbele yao polepole sana, kwa sababu Paulo anaijua hesabu hiyo. Anakubali kwamba afanyaye kazi hulipwa kama deni, wala halipwi kwa neema. Kisha anatamka jambo la kushangaza: Mungu humhesabia haki mtu asiye na alama hata moja katika kadi yake, tena asiye mcha Mungu. Ajabu yenyewe ndiyo hiyo, nayo haifai kupunguzwa ili isikike vizuri.

Neno la tatu ni imani, na hapa tungependa kukaa kidogo, kwa kuwa Kiswahili kimetupa kitu ambacho walimu wetu wa Kijerumani hawakuwa nacho. Mtu akimpiga punda aliyechoka, watu husema, huyu hana imani. Hawasemi kwamba hajui Katekisimo. Wanasema hana huruma. Mwenye shida humwomba jirani amwonee imani. Kwa Kiswahili, basi, neno litumikalo kwa kumtegemea Mungu ndilo litumikalo pia kwa kumhurumia binadamu. Wako wachungaji waonao kwamba huu ni mchanganyiko wa hatari wa kuondolewa, wakihofu kwamba imani itageuka kuwa wema wa tabia na kwamba tutarudi kule tulikotoka, yaani kuokolewa kwa matendo. Hofu hiyo ina msingi, kwani imani iokoayo ni mkono mtupu unaopokea, na huruma ya mtu haiwezi kuwa sehemu ya bei ya wokovu. Hata hivyo sisi twaona kwamba lugha imelinda jambo ambalo wanatheolojia wameligawanya mara nyingi mno. Katika Wagalatia 5:6 Paulo anasema juu ya imani itendayo kazi kwa upendo. Luther naye, katika dibaji yake ya Waraka kwa Warumi ya mwaka 1522, alieleza kwamba imani ni kitu hai chenye shughuli, kisichongoja kuulizwa kama matendo mema yafanywe, kwa kuwa kabla ya swali kimekwisha kuyafanya. Mwanakijiji akisema kwamba mtu asiye na huruma hana imani, amesema neno ambalo Yakobo angelikubali, naye Luther wa dibaji ile asingelikataa.

Mpangilio ndio unaopasa kuangaliwa. Waefeso 2:8-10 huweka neema kuwa chemchemi, imani kuwa njia, na matendo mema kuwa mahali ambapo Mungu ametutayarishia tuenende. Matendo yako katika mstari wa kumi. Hayako katika wa nane. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lina mpangilio huohuo: sehemu ya 4 yahusu kuhesabiwa haki, ya 5 huduma ya Neno na Sakramenti ambayo kwayo imani hupatikana, na ya 6 utii mpya. Sehemu ya 20 inarudia jambo hilo kwa kirefu, kwa kuwa Waungamaji walikwisha kushtakiwa kwamba wanakataza matendo mema. Mashtaka hayo hayajaisha hata leo, na wakati mwingine tumeyastahili.

Juu ya Yakobo tutasema machache. Yeye na Paulo wote humtaja Abrahamu, tena wote hutumia Mwanzo 15:6. Lakini Paulo anashikilia sura ya 15, Abrahamu alipokuwa bado hajatahiriwa wala kumtoa mtu yeyote; Yakobo anaendelea hadi sura ya 22, kisa cha Isaka. Paulo anauliza jinsi mtu wa nje anavyoingia. Yakobo anamwuliza aliye ndani, ambaye amemwona ndugu hana nguo wala chakula akamwaga kwa maneno matupu. Anayemjibu mtu wa kwanza kwa maneno ya Yakobo humkatisha tamaa, na anayemjibu wa pili kwa maneno ya Warumi 4 humlaza usingizi. Walutheri wenyewe walikwisha kukosea pande zote mbili. Georg Major alifundisha kwamba matendo mema ni ya lazima kwa wokovu. Nikolaus von Amsdorf, kwa kumpinga, akafika kusema kwamba yanaudhuru wokovu. Fomula ya Konkordia ya mwaka 1577 ilizikataa kauli zote mbili, ikashikilia kwamba matendo mema ni lazima yafuate imani, ila si kwa kununua wokovu.

Mhubiri akitafuta mfano wa wenyeji, autazame utani. Wakaguru wa upande wa kaskazini wa Kilosa wanajua kwamba mwenye kufiwa au mwenye unajisi hajitakasi mwenyewe. Mtani, mtu wa ukoo mwingine, ndiye anayekuja kufanya kazi ile asiyoiweza mwenye msiba. Huu ni mwanzo mzuri wa kueleza kile ambacho Luther alikiita haki itokayo nje yetu. Lakini mfano una kikomo chake, nacho kisifichwe: mtani hudai ujira, huchukua kitu nyumbani kwa mfiwa, tena kesho zamu itageuka. Kristo alikuja bila kudai ujira, na zamu ya kumtakasa yeye haitatufikia kamwe. Kwa hiyo twamlipa nani? Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alijibu kwamba Mkristo hahitaji matendo ili apate haki mbele za Mungu, bali huyatenda kwa ajili ya jirani. Deni limeelekezwa kwa jirani.

Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Buhaya na sehemu nyingine za Afrika Mashariki ulilifahamu jambo hili. Watu walirudisha vitu walivyoiba na kupatana na adui zao baada ya kusamehewa, wala hawakufanya hivyo ili wasamehewe. Hatari ilianza pale ushuhuda wenyewe ulipokuwa kipimo, ikawa asiyeweza kutaja siku aliyookoka anahesabiwa kuwa bado. Kadi ya kipande ilikuwa imerudi kwa mlango wa nyuma, safari hii ikiwa na alama ya machozi.

Sasa turudi kwenye jeneza. Wanaotaka kuzuia maziko ya asiyetoa wana hoja isiyopuuzwa: mwinjilisti wa mtaa naye hula, paa la kanisa huvuja, na walio waaminifu huona uchungu wakiona asiyechangia anapewa yaleyale. Tumezisikia hoja hizi kutoka kwa wazee wa kanisa waliochoka, wala si watu wabaya. Lakini ibada ya maziko hukiri ufufuo wa aliyebatizwa kwa ajili ya kazi ya Kristo. Ikifanywa stakabadhi ya michango, tumelihubiria kaburi lile, pamoja na Waislamu na Wakatoliki waliokuja kuzika, kwamba neema yetu ina bei. Nidhamu ya Kanisa kwa mwenye dhambi ya wazi asiyetaka kutubu ni jambo jingine, na lengo lake ni kumrudisha mtu kundini angali hai. Maiti hawezi kurudi kundini kwa kulipiwa malimbikizo na mjomba wake.

Je, utoaji hautakufa? Paulo alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, katika 2 Wakorintho 8 aliuita mchango wenyewe kwa neno la Kiyunani lilelile linalotafsiriwa neema. Aliwataja Wamakedonia, maskini waliotoa kupita uwezo wao, wala hakutaja adhabu. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulipofurika na maelfu ya watu wa Kilosa wakakosa makazi, jirani aliyemkaribisha aliyekimbia maji hakuwa na nafasi ya kuuliza kadi ya ushirika. Ndivyo matendo mema yanavyofanana yakiwa huru.

Jambo hili ni la jirani zetu wa madhehebu mengine pia. Wilayani Kilosa, Waanglikana walifika katika karne ya 19, na Wakatoliki ni wengi. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Fungamano la Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia sahihi Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki, wakikiri kwamba Mungu hutupokea kwa neema pekee, pasipo stahili yetu, na kwamba Roho hututia nguvu kwa matendo mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006 na Makanisa ya Kireformu mwaka 2017. Tukiweka bei kaburini twaenda kinyume cha sahihi yetu wenyewe.

Kwa hiyo twawashauri wachungaji na wainjilisti hivi. Mzikeni aliyebatizwa kwa ibada kamili, bila kutaja bahasha katika mahubiri wala katika matangazo. Yakiisha matanga, mtembeleeni mjane au watoto. Ulizeni kwanza wanakula nini. Kama marehemu aliacha kutoa kwa sababu shamba lake lilichukuliwa na maji au aliugua muda mrefu, huenda ni usharika uliokuwa na deni kwake miaka yote mitatu, na baraza la wazee lina la kuzungumza katika kikao kijacho.