Taratibu za Kazi Katika Kiwanda

Aingiaye karakana ya seremala katika mitaa ya Mwembesongo, mjini Morogoro, huona utaratibu wa kazi ulio mkongwe kupita zote: mteja huagiza kitanda, na fundi hupima, hukata, huunga na kupiga vanishi, kisha hupokea ujira wake kabla ya kuanza kingine. Utaratibu huu ni wa polepole, lakini haulazi mali ghalani bila mnunuzi. Akiagizwa viti 40 vya shule, fundi yuleyule aghalabu hubadili tadbiri, akashika utaratibu wa pili, wa mafungu, akakata miguu yote kwanza, kisha maegemeo yote, ndipo akaunga; hivyo huokoa muda wa kutega msumeno upya, japo mbao zilizokwisha katwa hungoja zamu yake.

Utaratibu wa tatu ni wa mstari, aliouanzisha Henry Ford huko Marekani mwaka 1913 katika uundaji wa magari, gari likipita mbele ya wafanyakazi waliosimama mahali pao, kila mmoja na kazi yake moja. Saa zaidi ya 12 za kuunga gari zikapungua hata zikawa takriban moja na nusu. Lakini mstari una sharti zito: kituo kimoja kikikosa malighafi, vyote vinavyokifuata husimama, hali gharama za mitambo hazisimami.

Sharti hilo ndilo lililokielemea Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, Watanzania wote wavae na robo tatu iuzwe Ulaya. Na katika mji huu wa joto kilipewa kuta za alumini bighairi ya mfumo wa kupitisha hewa. Kilitumia asilimia 4 hivi tu ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa.

Wako wanaowatwika lawama wafanyakazi, nami naiona hiyo kuwa dhuluma, kwani hakuna hodari awezaye kushona ngozi isiyofika, wala kuendesha mashine isiyo na vipuri, katika miaka ambayo nchi ilikuwa imeishiwa fedha za kigeni. Taksiri ilikuwa ya wapangaji, waliochagua mstari wa mamilioni kabla ya kumjua mnunuzi. Lau wangalianza na mafungu madogo ya viatu vya shule, kila upungufu ungalidhihiri mapema, na gharama ya kuurekebisha ingalikuwa bado ndogo.