Mafuta ya mwili: ghala lenye sauti

Ndugu msomaji, tumezoea kumsifu mwenye kitambi kuwa amenawiri, na kumhurumia aliyekonda. Kwa muda mrefu hata matabibu waliyahesabu mafuta ya mwili kuwa ni ghala tu la akiba ya siku za njaa. Elimu imekuja kubainisha kuwa ghala hilo lina sauti.

Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua jeni ya homoni itokayo kwenye mafuta yenyewe, nayo ikaitwa leptini. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kuwa akiba ipo, ili hamu ya chakula ipungue. Mwaka 1995 ikatangazwa nyingine, adiponektini, ambayo husaidia ini na misuli kuitikia insulini. Na insulini ndiyo inayoifungulia sukari ya damu mlango wa kuingia misulini.

Mafuta yakizidi, hususan yale yanayozunguka matumbo na ini, mambo hugeuka. Adiponektini hupungua. Leptini huwa tele, ila ubongo hauisikii tena, mfano wa aliyezoea kelele za mashine ya kusaga. Aidha, mafuta hayo hutoa kemikali zinazoizuia insulini kufanya kazi yake. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, hata siku ya kushindwa ikafika. Hapo ndipo kisukari cha aina ya pili huingia.

Je, mafuta ni adui? Hasha! Wapo watu wachache wanaozaliwa karibu bila mafuta mwilini, nao hupatwa na kisukari kikali, kwa kuwa mafuta yaliyokosa ghala hujazana kwenye ini na misuli. Dawa ya leptini kwa ajili yao iliidhinishwa Marekani mwaka 2014. Basi upungufu ni maradhi na uzidifu ni maradhi. Siha imo katika wastani.

Wala wastani huo hauko mbali. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwahusu watu waliokaribia kupata kisukari. Walioelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ilipungua kwa asilimia 58. Dakika hizo ni ishirini na ushei kwa siku: mwendo wa miguu wa kwenda msikitini na kurudi.

Ndugu yangu, mwili ni amana. Tusingoje kuulizwa ndipo tuitunze.