Ufundi wa Kompyuta: Kijana wa Kata Aanzie Wapi?

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Mwananchi anapofika zahanati asubuhi na mgonjwa wake, kisha akaambiwa asubiri kwa kuwa “mtandao unasumbua”, si rahisi kwake kujua kilichoharibika ni nini hasa. Mara nyingi si mtandao. Huenda ni waya uliolegea, au kompyuta iliyozibwa na vumbi, au nenosiri lililokwisha muda wake. Lakini hadi apatikane mtu wa kulitambua tatizo, foleni haisogei.

Hali hii itaendelea kuonekana, kwani huduma nyingi za umma sasa hupita kwenye mashine. Vituo vya afya hutumia mfumo wa GoTHoMIS, leseni za biashara na malipo ya halmashauri hupitia mfumo wa TAUSI, na ushuru hukusanywa kwa mashine za POS. Walimu nao walipewa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Kila kifaa kati ya hivyo kina siku yake ya kugoma. Maafisa TEHAMA wapo, lakini wengi wao wako makao makuu ya wilaya, na kata nyingine hufikiwa kwa safari ya nusu siku. Ndiyo maana vijana wengi hutuuliza namna ya kuanza kazi ya ufundi wa kompyuta.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu wengi huidhania vibaya. Fundi wa aina hii si lazima awe mtunzi wa programu, wala hahitaji kuwa bingwa wa hesabu. Kazi yake ya kwanza ni kusikiliza. Muuguzi au mtendaji wa kijiji humwambia tu kwamba “imegoma”. Fundi humuuliza: iligoma lini? Ulikuwa unafanya nini? Umeme ulikatika? Kompyuta ya pili inafanya kazi? Kwa kila jibu huondoa sababu moja, hadi ibaki ile inayowezekana.

Niliwahi kushuhudia jambo hili katika ofisi moja. Kompyuta ilikataa kufungua tovuti zote muhimu, na kila mara ilitoa onyo la usalama. Fundi wa kwanza alishauri kinunuliwe kifaa kipya cha intaneti. Fundi wa pili, binti aliyekuwa katika mafunzo kwa vitendo, alitazama kona ya chini ya kioo akaona kompyuta inaonyesha mwaka uliokwisha pita zamani. Tovuti salama huwa na hati ya utambulisho yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Saa ikikosea, hati halali huonekana batili. Chanzo kilikuwa betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama, ambayo huitunza saa wakati umeme haupo. Ilikuwa imekwisha. Betri hiyo inafanana na sarafu, na bei yake haifiki ya kilo moja ya sukari.

Tofauti kati ya mafundi wale wawili haikuwa vifaa. Binti yule aliangalia kabla ya kushauri. Kisha aliandika katika daftari tarehe, tatizo, sababu na alichofanya. Daftari la namna hiyo, likijazwa kwa mwaka mmoja, ni ushahidi mzuri mbele ya mwajiri, na pengine humsaidia fundi mwenyewe kuliko kitabu.

Kuhusu mafunzo, njia ziko zaidi ya moja. Vyuo vya VETA hutoa mafunzo ya ufundi stadi kwa ngazi, yakiwamo ya TEHAMA katika baadhi ya vyuo. Kwa upande wa vyuo vya kati, mhitimu wa kidato cha nne huanza na ngazi ya nne, na akifika ngazi ya sita, kwa kawaida baada ya miaka mitatu, hupata stashahada. Aliyejifunza kazi mitaani bila cheti asikate tamaa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, hivyo aulize chuo kilicho karibu iwapo fani yake imo.

Hapa pana tahadhari. Kabla ya kulipa ada, mzazi ahakikishe chuo kimesajiliwa na NACTVET, na kozi anayoilipia inatambuliwa. Ng’ombe aliyeuzwa kwa ajili ya cheti kisichotambulika harudi zizini. Nafasi za Serikali hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na waombaji hutakiwa kuwa na vyeti halali.

Jambo lingine, ambalo wengi hulipuuza, ni siri za watu. Anayeachiwa simu au kompyuta ameachiwa pia picha za familia, ujumbe na taarifa za fedha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inampa mwananchi haki juu ya taarifa zake. Fundi asifungue faili zisizohusu kazi yake, asinakili chochote bila idhini, wala asiombe nenosiri pale mwenye kifaa anapoweza kuliingiza mwenyewe. Katika kijiji ambako kila mtu anamjua mwenzake, picha moja ikivuja, kibanda hufungwa.

Anayetaka kujiajiri atahitaji namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni ya biashara. Vijana wanaweza pia kuunda kikundi na kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu. Kwa maoni yetu, mkopo usichukuliwe kabla kazi haijajulikana. Seti ya bisibisi, kipima umeme, brashi ya vumbi na flashi yenye programu za ukarabati vinatosha kwa miezi ya mwanzo. Fomu na maelekezo ya mkopo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, siku za kazi.