Mawe ya Bonde la Chemchemi

Katika nchi ya Namibia, upande wa kaskazini-magharibi, liko bonde kavu lenye kuzungukwa na vilima vya mawe mekundu. Wadamara huliita /Ui-//aes. Wageni hulijua zaidi kwa jina la Twyfelfontein, yaani Chemchemi ya Mashaka, kwa kuwa mkulima mzungu aliyefika huko mwaka 1947 hakusadiki ya kuwa maji yake yangemtosha. Hakukosa sababu, maana mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 150. Lakini chemchemi hiyo ndogo ndiyo iliyowavuta wanyama tangu zamani, na nyuma ya wanyama wakaja wawindaji. Hao, kwa muda usiopungua miaka 2,000, walichonga juu ya mawe sanamu zaidi ya 2,000.

Fundi alishika jiwe gumu, akagonga polepole uso wa jiwe la mchanga, hata ganda lake jeusi likabanduka na rangi ya ndani ikaonekana. Twiga, kifaru, tembo, mbuni: mtoto wa darasa la kwanza angewataja wote bila kuambiwa. Yuko hata sili, mnyama wa baharini, na pwani iko mbali kilometa 100 hivi!

Nyayo nazo zimechongwa, nyingi sana. Wengine husema ya kuwa wazee waliwafundishia watoto uwindaji hapo. Labda, lakini, msomaji, mtazame kwanza yule simba mashuhuri. Mkia wake ni mrefu kupita kiasi, umepindwa, na mwisho wake kuna alama ya unyayo. Tena kila mguu una vidole vitano. Simba akikanyaga mchanga huacha alama ya vidole vinne. Vitano ni vya binadamu. Je, mwindaji aliyeishi kwa kusoma nyayo angekosea jambo hilo? Haiwezekani. Alikusudia. Ndiyo maana wataalamu wengi husema huyu ni mganga aliyegeuka simba, na ya kuwa mawe haya yalihusu ibada za watu wale kuliko mawindo yao. Basi, anayewaita wajinga kwa sababu hawakuwa na herufi, hajamtazama simba huyu.

Mwaka 1952 serikali iliyaweka mawe katika hesabu ya kumbukumbu za nchi, lakini mlinzi hakuwekwa. Mpaka mwaka 1986 kila mpita njia aliweza kufanya apendavyo: wengine walibeba vipande vya mawe, wengine walikwaruza majina yao kando ya twiga. Mwaka 2007 UNESCO ililiandika bonde hili katika urithi wa dunia, la kwanza katika Namibia. Sasa mgeni hupita kwa njia iliyotengenezwa, pamoja na kiongozi, wala haruhusiwi kugusa. Majina yale yaliyokwaruzwa hayafutiki pasipo kuliumiza jiwe lenyewe.