Pikipiki kuukuu ni shule, tusiiuze kwa kilo

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usitupe mbachao kwa msala upitao. Hapa Nakuru, mji uliopandishwa hadhi na kuwa jiji mnamo Desemba 1, 2021, wasia huo umesahaulika, hasa katika jambo la pikipiki. Nyuma ya nyumba nyingi, kuanzia Bahati hadi Molo, utaiona pikipiki ya baba au ya babu imeegemezwa ukutani, kuku wakitagia kitini, ikimngoja mnunuzi wa vyuma vikuukuu aje na mizani yake. Wakati huohuo, kijana wa boma hilo amechukua mkopo ili anunue pikipiki mpya ya kubebea abiria. Mimi nashikilia kuwa kijana huyo angefaidika mno lau angeifungua kwanza ile kuukuu.

Nasema haya kwa kuwa nimetumia jioni na Jumamosi za miezi minane kuifufua Honda CG125 aliyoiacha marehemu mjomba wangu. Mjomba alisomea kilimo Egerton, kule Njoro, kabla taasisi hiyo haijawa chuo kikuu mwaka 1987, akawa afisa wa kilimo wa nyanjani. Kwa pikipiki hiyo alipanda Mau Narok na kuteremka Subukia, akiwaelekeza wakulima wa viazi na pareto. Miaka ya 1990, serikali ilipopunguza watumishi kwa masharti ya wafadhili, maafisa wa aina yake waliadimika mashambani. Pikipiki yake aliinunua mnadani.

Injini ya chombo hicho ina historia inayotuhusu. Wahandisi wa Honda waliibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi zinazoendelea, baada ya kubaini kuwa wenye pikipiki wengi huko hawakubadilisha oili kwa wakati. Wakaacha muundo ambao vali huendeshwa na cheni kutoka juu ya silinda, wakarudia ule wa kale wa fito za chuma zinazosukuma kutoka chini, ambao huvumilia uzembe. Viwanda vya Uchina viliiga injini hiyo kwa wingi. Kwa hiyo, nyingi za bodaboda zilizofurika barabarani tangu serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008 ni wajukuu wa pikipiki ya mjomba. Anayeielewa moja ameielewa nyingine.

Kazi yenyewe haihitaji karakana, bali subira. Kila parafujo niliyofungua niliitia katika kopo lenye kibandiko. Pistoni ilikuwa imegandamana na silinda. Sikuipiga nyundo, nilimimina oili kupitia tundu la plagi na kungoja siku kadhaa mpaka ikalegea. Kutu ya tangi niliiondoa kwa siki na nati ndogondogo, nikilitikisa kama mtu achezaye kayamba, kisha nikalisuuza na kulikausha. Vijitundu vya kabureta vilikuwa vimezibwa na masalia ya petroli yaliyokauka. Hivi huzibuliwa kwa dawa na upepo wa pampu, si kwa waya unaovipanua. Mwanya wa vali nao hupimwa kwa kibapa chembamba cha chuma injini ikiwa baridi, nao haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita.

Hapo ndipo mpwa wangu, mwendesha bodaboda, alipokuwa akinishikia taa. Alitazama kwa muda, kisha akasema, "Mjomba, kumbe hii ni kama yangu!" Kesho yake tuliifungua yake. Kichujio cha hewa kilikuwa kimejaa vumbi letu la Bonde la Ufa, lile jepesi kama unga linalopeperuka kutoka Kariandusi hadi Menengai. Oili ilikuwa nyeusi kama lami, na injini hiyo hubeba kadiri ya lita moja tu. Mkopo wake ulikuwa bado una miezi kumi. Hakuwa mvivu kijana yule. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mwenye bodaboda ni injini kufa huku deni likiwa hai.

Wapo watakaosema kuwa huu ni ubadhirifu. Sitamdanganya msomaji: fedha nilizotumia zingetosha malipo ya kwanza ya pikipiki mpya. Anayehesabu shilingi pekee na anunue mpya. Tena, asianze kabla ya kutafuta karatasi. Ikiwa kitabu cha umiliki kimo katika jina la marehemu, familia haina budi kupata hati za urithi mahakamani ndipo umiliki uhamishwe; vinginevyo atakarabati pambo la uani. Na breki na tairi zitangulie rangi, kwani mpira uliokauka miaka mingi huua hata kama meno yake yangali mazima.

Lakini kuna hesabu nyingine. Tumelea kizazi kinachopanda mashine kila siku bila kujua kilichomo ndani yake, na ujinga huo hulipiwa kwa riba. Kaunti zetu zina pikipiki chakavu zinazooza katika yadi za serikali. Badala ya kuziuza zote kama vyuma, heri baadhi zipelekwe katika vyuo vya ufundi vya vijijini, wanafunzi wazivunje na kuziunganisha upya. Nasi wazee tulio na spana na kumbukumbu tusingoje serikali. Tuwaite vijana waje watushikie taa, kisha tuwape spana wafanye wenyewe.